Uzoefu wangu: wakili aliyetuandalia hati za viapo kwa ajili ya ndoa, Mbeya

Mimi ni binti wa Rungwe, nafanya kazi Mbeya mjini, na mchumba wangu (sasa mume wangu) ni Mmarekani. Tulikubaliana tufunge ndoa ya serikali, bomani, halafu yeye arudi kwao aanze kuniombea makazi. Tangu tulipotangaza nia, kila tuliyemuuliza alitutajia mihuri: hiki kigongwe muhuri, kile kipelekwe Wizara ya Mambo ya Nje Dodoma, kile kipitie ubalozini. Naandika kwa ajili ya wenzangu wa huku Nyanda za Juu Kusini walio kwenye njia hiyo, maana wakili tuliyempata, jirani na Mahakama Kuu, alinionyesha kuwa unachomlipia wakili ni kusoma. Kugonga muhuri ni kazi ya dakika moja.

Mwanjelwa na Kabwe zipo steshenari zinazokuchapia hati ya kiapo, yaani maelezo ya maandishi unayoapa kuwa ni kweli. Unaacha karatasi asubuhi, jioni unakuta imegongwa muhuri wa wakili ambaye hujawahi kumtia machoni. Bei yake ni ndogo na wengi wanazitumia, lakini kwa ndoa na mtu wa nje ya nchi simshauri mtu. Kuapa ni kuapa mbele ya kamishna wa viapo, yaani mwenye mamlaka ya kisheria ya kuapisha, kama wakili, naye anatakiwa aandike kwenye hati mahali na tarehe mlipofanya hivyo. Siku ya usaili wa viza ukiulizwa uliapa mbele ya nani, utamtaja nani?

Kwa hiyo kabla ya kwenda nililitafuta jina lake kwenye e-Wakili, mfumo wa Mahakama unaoonyesha kama wakili ana leseni hai. Leseni hizo huhuishwa kila mwaka, hivyo kwamba fulani alimhudumia dada yako mwaka juzi haitoshi.

Alianza kwa kutandaza vyeti vyangu vyote mezani na kuvisoma herufi kwa herufi, kidole kimoja kwenye cheti cha kuzaliwa, kingine kwenye pasipoti. Jina langu la ukoo cheti cha kuzaliwa kimeliandika kwa L. Vyeti vya shule, kitambulisho cha NIDA na pasipoti vina R. Huku kwetu hakuna anayeshtuka, Mnyakyusa analisikia jina lilelile. Lakini ofisa aliyekaa Marekani na faili mbele yake anaona watu wawili. Akaniandalia kiapo cha majina, kinachosema kwamba majina yote mawili ni ya mtu mmoja, kikitaja kila hati na jina lililomo. Nilikuwa nimeambiwa mtaani kwamba lazima nitengeneze hati ya kubadili jina. Akanieleza kuwa hiyo ni ya mtu anayeacha jina la zamani na kuchukua jipya, na mimi siachi jina lolote.

Karatasi za mchumba ndizo zilizotutesa zaidi. Kwao mthibitishaji wa nyaraka si lazima awe mwanasheria, ni mtu aliyepewa idhini na jimbo lake kushuhudia saini. Aliapa mbele ya mtu wa namna hiyo kwamba hana ndoa, kisha kampuni moja ya mtandaoni ikamuuzia apostili juu yake, yaani cheti kinachothibitisha saini na muhuri wa hati ili ikubalike nchi nyingine. Apostili inatokana na Mkataba wa The Hague wa 1961, na Tanzania haimo kwenye mkataba huo, hivyo huku isingetufaa. Njia ya karatasi inayokuja kwetu ni ndefu: kutoka kwa mthibitishaji inakwenda ofisi ya Katibu wa Jimbo, halafu Wizara ya Mambo ya Nje yao, kisha ubalozi wa Tanzania hukohuko Washington. Kampuni ilikula hela na haikusema lolote kuhusu hilo. Wakili aliligundua kwenye picha ya WhatsApp, kabla bahasha haijatumwa, na hapo peke yake alituokolea muda na fedha nyingi. Kwa kuwa mchumba aliwahi kuoa na kuachana, aliagiza pia nakala ya hukumu ya talaka iliyothibitishwa na karani wa mahakama iliyoitoa. Msajili wa ndoa huku hana budi kujiridhisha kwamba ndoa ya kwanza ilikwisha kisheria.

Nilichompendea zaidi ni kunikatalia. Nilipeleka tafsiri ya barua ya serikali ya mtaa nikitaka aigonge muhuri. Akaniambia, "Dada, hapa utanipa hela ya bure." Kwa maombi ya uhamiaji wa Marekani, mtafsiri anatakiwa aandike na kusaini kwamba tafsiri imekamilika, ni sahihi, na kwamba yeye anazimudu lugha zote mbili. Muhuri wa wakili hautakiwi. Cheti chetu cha ndoa nacho hakikuhitaji kusafirishwa hadi Mtumba, Dodoma, kupata uthibitisho wa Wizara, kwa sababu kule wanataka cheti chenyewe cha serikali. Mwenye kuolewa na mtu wa nchi nyingine aulize upya, kila nchi ina utaratibu wake.

Tulihitaji pia viapo vya watu wanaotufahamu, viende kama ushahidi kwamba ndoa ni ya kweli. Hati hizo zinataka jina kamili na anwani ya anayeapa, tarehe na mahali alipozaliwa, na maelezo ya jinsi alivyoyajua anayoyasema. Mama akapanda Kosta kutoka Tukuyu. Wakili akamsomea rasimu polepole, sentensi moja moja, kwa Kiswahili. Alipofika panaposema mama anafahamu kwamba tulikutana Dar es Salaam, mama akainua mkono.

"Mwanangu, hapo ngoja. Hayo ya Dar es Salaam mimi nimeambiwa. Nilichokiona ni siku alipokuja nyumbani na washenga, akakaa, akala ndizi, akazungumza na mzee."

"Basi mama, tunaandika ulichokiona."

Akairudia aya hiyo papo hapo. Aliyoyashuhudia mama yakakaa peke yake, aliyoambiwa na mimi yakaandikwa kwamba ameambiwa na mimi, kisha akamsomea tena tangu mwanzo ndipo mama akasaini. Nimeshaona viapo vya ndugu watano vilivyonakiliwa maneno yaleyale, wamebadilishwa majina tu. Hiki cha mama ukikisoma unamsikia mama.

Kuhusu ndoa yenyewe, Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka notisi itolewe angalau siku 21 kabla, kwa hiyo alitupangia tarehe kuanzia siku ya notisi, siyo kuanzia tiketi ya ndege. Alisisitiza pia tuangalie aina ya ndoa inayoandikwa. Sheria yetu inatambua ya mke mmoja na ya wake wengi, wakati uhamiaji wa Marekani hauitambui ndoa ya wake wengi. Cheti tulikisoma wote wawili palepale bomani, majina, tarehe na aina ya ndoa, kabla ya kutoka mlangoni.

Kasoro zipo. Simu ya ofisi hupokelewa kwa bahati, ni heri kwenda mwenyewe. Gharama ya nakala hawakuitaja mwanzoni, ikaja kuongezwa mwishoni, na risiti yake nilipewa baada ya kuidai. Kiapo kimoja kilichapwa na namba ya pasipoti iliyokosewa, ingawa walikirudia bila malipo. Bei yao iko juu kuliko ya steshenari kwa kiasi cha kuumiza mwenye mshahara mdogo, na mimi ningelipa tena.

Ukienda, omba uandikiwe gharama zote siku ya kwanza, nakala zikiwemo. Kila anayeapa abebe kitambulisho chake halisi cha NIDA. Jirani yetu aliyekuja na nakala kivuli alirudishwa nyumbani, na nadhani walifanya sawa.