Lenzi ya kubana kwenye simu: nimeitumia kwa tablo, si kwa wadudu

Nimeinunua soko la Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi, Kongo, kwa muuzaji wa vifaa vya simu. Haina jina la kampuni. Aliniambia ni ya kupigia picha wadudu na maua. Sawa, lakini mimi nilikuwa na tablo, yaani mchoro wa rangi, ukutani.

Tablo yenyewe aliiacha babu: Desemba 1941, wafanyakazi wa Union Minière, kampuni ya migodi ya wakati wa ukoloni, waliogoma wanapigwa risasi uwanjani. Mchoraji Tshibumba Kanda-Matulu alilichora tukio hilo miaka ya 1970. Yetu haina sahihi, kwa hiyo sidai ni mkono wake. Nikaanzia kona ya chini, pale rangi ilipobanduka. Zikatokea nyuzi za kitambaa cha mfuko wa unga, na kipande cha herufi nyekundu cha kiwanda! Wachoraji wengi wa mji huu walichora juu ya mifuko hiyo, ila nyumbani hakuna aliyejua kwamba hata yetu ni mfuko.

Kisha nikapanda kwenye kofia nyeupe ya gavana wa kikoloni. Rangi yake imelala juu ya mikono ya watu walio nyuma yake, maana yake kofia ilipakwa baadaye. Nikamwonyesha baba mdogo, mstaafu wa Gécamines, kampuni ya serikali iliyorithi migodi hiyo. Hakuitazama simu sana. "Huyo ni Maron. Fundi alitaka umwone yeye kwanza, ujue nani alikuwa na amri." Akaendelea mpaka giza likaingia: mishahara, bei za vita, Léonard Mpoyi, kiongozi wa wagomaji aliyeuawa siku ile. Lenzi hiyo haikupi hayo. Inakupa swali la kumuuliza mzee, na kwangu hilo linatosha kulipia bei.

Kwa rafiki wa familia kuna kazi ya Mwenze Kibwanga, mmoja wa vijana wa Hangar, karakana ya uchoraji aliyoianzisha Mfaransa Romain-Desfossés hapa mwaka 1946. Ukiwa mbali unaona mnyama kamili. Weka lenzi: ni vistari vifupi tu, vinageuka upande pale mgongo unapoishia. Bela, wa karakana hiyohiyo, alipaka kwa ncha za vidole. Natafuta mwenye kazi yake halisi anifungulie mlango. Nasema halisi kwa sababu kwenye kopi iliyochapwa utakuza nukta za mashine, basi.

Kasoro zipo. Lazima usogee karibu sana, na simu inajitilia kivuli. Simama ubavuni mwa dirisha, usitumie flashi. Kingo za picha zina ukungu. Tablo yenye kioo mbele ni kazi bure. Kava nene la simu livue, la sivyo kibanio kinateleza, na usikubali kabisa kidondokee kwenye rangi ya watu.

Nyota nne kati ya tano. Ukienda sokoni, ijaribu kwanza kwenye noti ya faranga kabla hujatoa pesa; nyingine zina mikwaruzo.