Probox iliyotumika: anza kuikagua nyuma

Toyota Probox ni gari la kazi, na kwa kazi ni gari zuri sana. Kati ya Busia na Siaya, Mumias na Kakamega, limebeba abiria, omena, mikate, vifaranga na magunia ya mahindi kwa miaka mingi, na barabara za murram hazijalishinda. Shida ni kwamba sifa hiyo hiyo ndiyo inayofanya Probox iliyotumika huku kwetu iwe ngumu kununua. Injini yake hudumu kuliko bodi. Muuzaji anajua hilo, na ndiyo sababu atakimbilia kufungua boneti, aiwashe na kukuambia usikilize inavyotulia. Sikiliza, halafu zunguka nyuma, kwa sababu maisha halisi ya gari hili yameandikwa huko.

Kwanza jua ni ipi uliyosimama mbele yake. Namba ya chesisi ikianza na NCP50, injini ni ya 1300. NCP51 ni ya 1500, ile 1NZ-FE ya cc 1496 ambayo mafundi wetu wanaijua usiku na mchana. NCP55 ni 1500 inayovuta magurudumu yote manne. Kizazi hicho kilianza mwaka 2002, na kina giaboksi ya kawaida ya gia 5 au otomatiki ya gia 4. Mwaka 2014 uso ulibadilishwa na giaboksi ikawa CVT, yaani otomatiki isiyo na gia za hatua. Hizo husoma NCP160, NCP165 au NSP160. Kenya hairuhusu gari lililopita miaka 8 kuingizwa nchini, kwa hiyo ukiambiwa NCP51 imeshuka meli juzi Mombasa, mshukuru aliyekuambia na uondoke.

Sasa nyuma. Probox ya mizigo iliundwa kubeba kilo 400 ikiwa na watu wawili, au kilo 250 ikiwa na watu watano. Chukua gari lililopakia watu kumi kila safari, na mizigo juu ya keria, mara sita kwa siku, halafu jiulize uzito huo ulikuwa unakwenda wapi. Uzito huo hukalia springi za nyuma, na springi huusukuma kwenye bodi. Simama nyuma ya gari likiwa mahali tambarare, weka kidole kwenye pengo kati ya mlango wa buti na bodi, upande wa kushoto, kisha kulia. Mapengo yakiwa tofauti, au mlango ukihitaji kuinuliwa kidogo ili ushike kufuli, bodi imekaa vibaya.

Inua zulia la buti, kisha gari lipelekwe kwenye shimo au liinuliwe kwa jeki yenye stendi. Mulika tochi pale springi inapokutana na bodi. Alama za weldi za kiwandani ni vidoti vidogo vinavyolingana. Weldi ya jua kali ni mshipa mnene uliopinda, na mara nyingi umepakwa rangi nyeusi. Rangi nyeusi inayong'aa chini ya gari kuukuu, huku kila kitu kingine kikiwa na vumbi la miaka, inaficha kitu. Ikwangue kwa ncha ya bisibisi. Tazama pia kama kuna springi ya pili iliyoingizwa ndani ya ile ya asili, au vipande vya raba vya kuinua. Springi kuongezwa si dhambi yenyewe, ila inakuambia gari lilifanya kazi gani.

Dalili za umatatu huwa haziishi kabisa. Fungua milango na uangalie kingo zake za ndani na kifuniko cha tangi kama kuna rangi ya manjano ya ule mstari wa matatu. Tafuta matundu ya bolti sakafuni ambako kiti cha ziada kilifungwa, na nyaya zilizokatwa chini ya dashibodi ambako kidhibiti mwendo kilikuwa. Kilomita za kwenye dashibodi usizitegemee hata kidogo. Pedali ya breki iliyolika hadi chuma na usukani uliolainika kama kioo havikubaliani na kilomita 90,000.

Kuna jambo jingine ambalo wanunuzi wa Kisumu hawafai kulipita: maji. Nyando, Ahero na Budalang'i hufurika, na magari yaliyozama husafishwa na kurudi sokoni. Vuta mkanda wa kiti hadi mwisho kabisa, sentimita zile ambazo hazivutwi kila siku. Watu huosha viti, hushampuu zulia, lakini mkanda ule wa ndani husahaulika. Ukiona mstari wa tope au unanuka uvundo, acha. Nyaya zikishakula maji, kasoro zake hazina mwisho.

Injini haihitaji maneno mengi. Fika asubuhi kabla haijawashwa, na uguse boneti: iwe baridi. 1NZ hutumia cheni ya taimingi, si mkanda. Ikiwashwa baridi na cheni ikakwaruza zaidi ya sekunde chache, imelegea, na kwa kawaida ni kwa sababu oili haikubadilishwa kwa wakati. Moshi wa buluu ni ringi za pistoni. Maji ya rejeta yakiwa na mafuta, au kifuniko cha oili kikiwa na uji wa rangi ya maziwa, gasketi imekwenda. Iache ikinguruma hadi feni izunguke, kisha ipeleke kilima cha Riat kwenye barabara ya Kakamega ukiwa na watu wanne ndani. Hapo klachi inayoteleza itajitaja: injini inapiga kelele, mwendo hauongezeki. CVT iliyochoka hutetemeka ikianza kupanda, au hulia kwa sauti nyembamba. Ikikaguliwa oili yake iwe ya CVT. ATF ya kawaida, oili ya otomatiki za gia, huimaliza giaboksi hiyo, na kuna karakana zinazoitia bila kuuliza.

Ukitaka ya mizigo kwenye vilima vya Nandi au Vihiga, chagua NCP51 ya gia za mkono iliyokuwa ya shule au ya duka. CVT inafaa anayetembea mjini Nakuru na barabara za lami. Kiti cha nyuma ni chembamba na kimesimama wima kwa zote, kwa hiyo familia inayosafiri mbali itaumia.

Karatasi zifuatwe hivi. Fanya upekuzi wa gari kupitia mfumo wa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, kwenye eCitizen, wewe mwenyewe, kwa simu yako. Usikubali karatasi iliyochapwa na broka. Jina lilingane na kitambulisho cha anayeuza, na namba za chesisi na injini zilingane na zilizochongwa kwenye chuma. Jina la benki au la mkopeshaji likiwa pamoja na la mwenye gari, deni bado lipo. Pekua pia rejista ya dhamana za mali inayohamishika, iliyotokana na sheria ya 2017, kwa sababu mikopo inayodhaminiwa na logibuku, hati ya umiliki wa gari, hujificha huko. Mwenye gari akiwa amefariki, anayeuza awe na hati ya mahakama ya kusimamia mirathi. Neno la mjane au kaka peke yake halitoshi, hata kama wanasema kweli.

Malipo yapitie benki, kwa jina lililo kwenye logibuku. Muuzaji aanzishe uhamisho kwenye akaunti yake mkiwa mmeketi pamoja, wewe uupokee kwenye yako, ndipo salio litoke.