Tuliwapa vipimo saba vya mnato, wakatumia kimoja

Nyota moja, na nimeitoa kwa shingo upande. Miezi kadhaa iliyopita tuliwapa ofisi moja ya uhandisi hapa Dar kazi ya kuiga kwa kompyuta jinsi slari ya alumina (uji mzito wa unga wa seramiki) inavyopita chini ya kisu cha kumwagia utepe wa seramiki. Kisu kimeinuliwa maikroni 400 (milimita 0.4, huo ndio mwanya) juu ya filamu inayobeba utepe, mdomo wake una urefu wa milimita 5, filamu inavutwa milimita 10 kwa sekunde, na nyuma ya kisu slari imesimama milimita 20. Kazi ya kawaida kabisa.

Ila slari ya namna hii mnato wake, yaani uzito wake wa kutiririka, hushuka kadiri inavyosukumwa. Ikitulia ni nzito, ikibanwa chini ya kisu inalegea. Ndiyo maana tuliwapelekea jedwali la vipimo saba vya riometa, kifaa cha kupimia mnato, toka kasi ya mkato (jinsi tabaka za slari zinavyoteleza haraka juu ya nyingine) ya 1 kwa sekunde mpaka 100. Kwenye 1, mnato ni paskali-sekunde 10. Kwenye 25, ambayo ndiyo hali ya chini ya kisu (gawanya mwendo kwa mwanya, 10 kwa 0.4), ni 2 tu.

Wakachukua 10. Namba ya kwanza kwenye jedwali, basi.

Unene wa utepe mbichi una sehemu mbili. Moja inatokana na filamu kuburuta slari, nayo ni nusu ya mwanya: maikroni 200, iwe nzito iwe nyepesi. Nyingine inatokana na presha ya slari iliyosimama nyuma ya kisu, na hii inagawanywa kwa mnato. Kwa mnato wa 10 inaongeza maikroni 4. Kwa mnato wa 2 inaongeza kama 21. Ripoti yao ikasema 204, sisi tukapima 221.

Hizo maikroni 17 ningezisamehe, maana unashusha kisu kidogo unafidia. Kilichonichoma ni sentensi ya ukurasa wa mwisho: "kimo cha slari hakina athari kubwa." Kwa namba yao, sawa, slari ikishuka toka milimita 20 hadi 10 unapoteza maikroni 2. Kwa slari halisi unapoteza zaidi ya 10. Utepe unaanza na 221 unaishia 210, tofauti ya asilimia 5 ndani ya mmwago mmoja, na tanuri haliisawazishi. Kwa sababu ya sentensi hiyo tukaacha kufunga kisu cha pili, kile kinachokaa nyuma kushikilia kimo kisibadilike.

Tukapiga simu. "Kaka, kompyuta haidanganyi, pimeni upya mwanya wenu." Tukapima kwa fila geji, ile ile ya mafundi magari wa Gerezani, kushoto, katikati na kulia: milimita 0.40 pote. "Basi slari yenu ina mapovu." Ilikuwa imetolewa hewa kwenye vakyumu nusu saa nzima. "Basi ni unyevunyevu wa Dar." Jamani, utepe tuliupima ukiwa mbichi, sekunde chache baada ya kutoka kisuni! Unyevunyevu unaharibu ukaushaji, hauongezi unene chini ya kisu. Muda wote huo hakuna aliyelifungua lile jedwali.

Haki yao niwape: picha ya mzunguko ndani ya hodhi ilikuwa kazi safi. Walionyesha kona ya chini nyuma ya kisu ambako slari inajizungukia bila kutoka, na kweli tulipofungua tulikuta unga umeganda palepale. Tumeiziba kona kwa kipande cha plastiki kilichokatwa mshazari, tatizo limeisha. Kwa hilo tu nilishaandika nyota tatu.

Nikazifuta. Nilirudi kwenye kiambatisho kuhakikisha, nikakuta meshi, yaani vile vipande ambavyo kompyuta inaigawa slari ili ipige hesabu, ina seli nne kwenye mwanya mzima. Nne! Slari ambayo mnato wake unabadilika kati ya kisu na filamu, huwezi kuigawa mara nne ukategemea jibu. Ishirini ndiyo pa kuanzia. Na kurudia kazi walitaka walipwe upya.

Ukiamua kwenda kwao hata hivyo, usimalizie malipo kabla hawajakupa majibu ya mwendo wa aina mbili, milimita 10 na 20 kwa sekunde. Toa nusu ya mwanya kwenye kila jibu, uangalie kinachobaki. Kwa slari kama yetu kinashuka toka 21 hadi karibu 15, kwa kuwa mnato nao unapungua mwendo ukiongezeka. Ukikuta kimeshuka nusu kwa nusu, wametumia namba moja tena. Warudishie jedwali.