Fender Deluxe Reverb ya 1966 mezani Lubumbashi: kuifufua na kuifanya salama

Ndugu watazamaji, karibuni tena katika karakana yangu hapa Katuba, Lubumbashi. Ampli mnayoiona mezani, yaani kikuza sauti cha gitaa, ni Fender Deluxe Reverb ya Kimarekani, na imekaa kwangu wiki saba. Ni mali ya kanisa moja la hapa mjini, lililoachiwa na wamisionari wa Kimarekani waliporudi kwao, na papa, yaani mzee wetu, kiongozi wa kwaya ndiye aliyeniletea, akiwa ameifunga ndani ya kitenge cha mke wake ili vumbi la barabarani lisiiingie. Aliniuliza jambo moja tu: je, inafaa kutengenezwa, au kwaya ichange fedha inunue ampli mpya ya transista? Nilimwomba subira. Leo nitamjibu mbele yenu, kwa kuwaonyesha kila nilichokikuta ndani, nilichokibadilisha, na nilichokataa kukigusa.

Tuanze na umri wake. Ninaigeuza chasi, yaani fremu ya chuma inayobeba vifaa, ili mwone namba zilizopigwa mhuri kwenye transfoma: 606, kisha 6, kisha 35. Namba 606 ni ya Schumacher, waliokuwa wakiwatengenezea Fender transfoma. 6 ni tarakimu ya mwisho ya mwaka, na 35 ni wiki ya mwaka huo. Spika nayo ina mhuri unaoanza na 465, ambayo ni namba ya Oxford, na tarehe yake haiko mbali na ile ya transfoma. Uso wa paneli ni mweusi, kama ilivyokuwa kwa ampli za Fender za miaka ile. Kwa hiyo hii ni kazi ya mwaka 1966, iliyotoka Fullerton, California, baada ya kampuni ya CBS kuinunua Fender mnamo Januari 1965. Ndani mna lampi tisa, zile vali za kioo zinazopashwa moto: moja ya GZ34 inayogeuza mkondo geu kuwa mkondo mnyoofu, mbili za 6V6 zinazobeba nguvu, na ndogo sita zinazokuza sauti, kuendesha mwangwi na kutikisa sauti. Nguvu yake ni takriban wati 22, na spika ni moja ya inchi 12.

Nilipofungua ubao wa nyuma, kabla ya kuona chochote, nilisikia harufu ya vanishi iliyoungua, na kila fundi anaijua harufu hiyo. Nikafungua kishikio cha fyuzi. Fyuzi iliyokuwamo ilikuwa imezungushiwa karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Ni hii hapa, nimeihifadhi ndani ya mfuko wa plastiki. Kilichotokea kinasomeka wazi: ampli hii ilitengenezwa kwa volti 120 za Marekani, siku moja mtu akaichomeka moja kwa moja kwenye prizi yetu ya volti 220, fyuzi ikakatika kama ilivyopaswa, na badala ya kujiuliza kwa nini imekatika, mtu huyo akaizungushia karatasi. Fyuzi ya pili ikawa ni transfoma ya umeme yenyewe, ikaungua.

Hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu ampli nyingi za Kimarekani zinafia mahali hapahapa katika mji wetu. Watu wanadhani shida ni volti peke yake, kwamba ukitafuta kisanduku cha kushusha 220 hadi 110 basi mambo yamekwisha. Volti ni nusu ya jambo. Umeme wa Marekani una hezi 60, yaani mizunguko 60 kwa sekunde, wetu una hezi 50, na transfoma iliyokatwa kwa kipimo cha hezi 60 peke yake ikilishwa hezi 50 kwa volti zilezile, sumaku katika chuma chake huongezeka kwa asilimia 20. Kama chuma kile hakikuachiwa nafasi ya ziada, transfoma hunguruma na kupata joto, na katika ibada inayochukua saa tano joto hilo halina mahali pa kwenda. Ubaya wa pili umejificha zaidi: visanduku vingi vya bei ndogo vinavyouzwa madukani vina matundu mawili tu upande wa kutolea umeme. Hata kama prizi ya ukutani ina waya wa ardhi, waya huo unaishia kwenye kisanduku, na ampli inabaki haina kinga. Tena ndani ya vingi vyao mna mzingo mmoja tu wa waya, uliotolewa tawi katikati, hivyo ampli haijatenganishwa na umeme wa ukutani hata kidogo.

Mafundi wetu wanaozungusha upya mota za migodini ni hodari, na mmoja alijitolea kunizungushia transfoma ileile kwa bei nzuri. Nilimshukuru na kukataa. Mzingo wa volti 230 kwa hezi 50 unahitaji mizunguko mingi zaidi katika nafasi ileile ndogo, na kati yake na mzingo wa volti kubwa lazima pawe na kinga ya kuaminika, maana humo ndani mna volti 330 kila upande wa katikati. Niliagiza transfoma mpya kutoka Johannesburg, iliyotengenezwa kwa volti 230 na hezi 50, yenye vipimo vya ampli hii hii. Ilipitia mpakani Kasumbalesa ndani ya basi na kunifikia baada ya wiki tatu. Imekaa kwenye matundu yaleyale bila kutoboa chasi, na fyuzi yake sasa ni ya ampia 1, ile inayochelewa kukatika, badala ya ampia 2 iliyoandikwa nyuma. Nimebandika kibandiko kipya kinachosema hivyo, ili fundi atakayekuja baada yangu asidanganyike na maandishi ya kiwandani.

Sasa sogezeni macho hapa, karibu na mahali waya wa umeme unapoingilia. Mnaona kitu hiki cha rangi ya kahawia, kikubwa kama punje ya mhindi? Hii ni kondensa, kifaa kinachohifadhi chaji ya umeme, ya mikrofaradi 0.047. Mguu mmoja ulikuwa umeunganishwa na waya wa umeme kupitia swichi hii ya nyuma, na mguu wa pili kwenye chasi. Waya wa umeme wenyewe ulikuwa wa nyuzi mbili, hauna ardhi. Wakati ule ndivyo walivyopunguza mngurumo: unageuza swichi mpaka kelele inapungua. Lakini chasi imeunganishwa na nyuzi za gitaa, na nyuzi za gitaa ziko mikononi mwa mtu. Fanyeni hesabu pamoja nami: kwa volti 220 na hezi 50, kondensa hii ikiwa nzima hupitisha miliampia 3 na kidogo, kiasi ambacho mtu anakihisi vizuri. Ikizeeka na kushikana ndani, yaani miguu yake miwili ikaungana, haipunguzi tena chochote. Volti 220 zote ziko kwenye nyuzi. Mpiga gitaa akisogeza midomo kwenye maikrofoni iliyounganishwa na ardhi, mwili wake ndio unaokuwa waya.

Papa wa kwaya aliposikia maelezo haya alinyamaza, kisha akanieleza kwamba kijana wao wa gitaa la solo alikuwa akilalamika kila Jumapili kwamba maikrofoni inamuuma midomo, nao wakamnunulia kitambaa cha kuifunika. Namshukuru Mungu kwamba kondensa ile haikushikana kabla transfoma haijaungua.

Nimeiondoa kabisa. Nimeweka waya wa nyuzi tatu: ule wa kijani na njano umefungwa kwa bolti yake peke yake kwenye chasi, na nimeuacha mrefu kuliko wenzake, ili mtu akivuta waya kwa nguvu uwe wa mwisho kukatika. Umeme unapita kwanza kwenye fyuzi, ndipo uende kwenye swichi. Katika tundu la ile swichi ya zamani nimeweka swichi inayokata nyaya zote mbili kwa pamoja, kwa sababu katika nyumba zetu huwezi kujua ni tundu gani la prizi lenye umeme mpaka upime.

Kazi nyingine za ndani nitazipitia haraka. Kondensa tano za kusafisha umeme, zilizofunikwa na kisanduku cha bati nyuma ya chasi, zilikuwa zimevimba na moja imetoa maji. Nimeweka za mikrofaradi 22 na volti 500 badala ya 16 na 450. Nyongeza hiyo GZ34 inaivumilia bila shida. Kondensa ndogo za lampi za mwanzo na ile ya volti hasi ya lampi za nguvu zimebadilishwa pia. Lakini zile kondensa za buluu zinazopitisha sauti sikuzigusa, kwa kuwa nilizipima na hazivujishi. Rezistansi za zamani, zile zinazozuia mkondo, nilibadilisha mbili tu, zilizokuwa zikichakacha. Nasema wazi kwamba simheshimu fundi anayeng'oa kila kitu kwa sababu ni cha zamani. Kilichozeeka na kinafanya kazi yake kiachwe.

Anayetaka kujaribu mwenyewe anisikilize vizuri. Ampli ya lampi ikizimwa na kuchomolewa, volti zaidi ya 400 zinaweza kubaki ndani ya kondensa zile. Mimi naweka mkono mmoja mfukoni, naunganisha rezistansi ya ohmu elfu 10 iliyofungwa waya wenye kinga, nasubiri, kisha napima kwa multimita mpaka nione chini ya volti 5. Na siku ya kuiwasha mara ya kwanza nilitumia balbu ya zamani ya wati 60 iliyopangwa katika mstari mmoja na ampli. Balbu ikiwaka kidogo na kufifia, mambo ni mazuri. Ikibaki inang'aa, chomoa, kuna mahali pameshikana. Balbu hizo zimekuwa adimu tangu taa za LED zilipoenea. Yangu niliipata soko la Kenya, mtaa wa hapa hapa Lubumbashi, baada ya kuzunguka asubuhi nzima, na siiazimishi.

Vipimo vya leo ni hivi: kwenye sahani za 6V6, yaani vibati vya ndani ya lampi hizo, ni volti 418, kila lampi inapitisha miliampia 21, yaani karibu wati 8.8 kwa lampi ambayo mpaka wake wa asili ni wati 12. Lampi hazisukumwi, zitadumu. Nyuzi za kupasha lampi moto zinapata volti 6.3 umeme ukiwa sawa. Lakini jana saa mbili usiku prizi yangu ilishuka hadi volti 190, nazo zikashuka hadi 5.2, chini ya kiwango kinachokubalika, na sauti ikawa nyembamba. Kwa hiyo kanisa lazima litafute stabilizata, kifaa cha kusawazisha volti, na iwe yenye tundu la ardhi.

Tuje kwenye sauti. Nachomeka gitaa, upande ulioandikwa Vibrato. Neno hilo Fender walilikosea, kwa sababu kinachobadilika ni ukubwa wa sauti wala si kimo chake. Ndani mna taa ndogo ya neoni inayopepesa mbele ya rezistansi inayohisi mwanga. Taa hiyo ilikuwa imechoka, nimeibadilisha. Sikilizeni mwangwi wa springi kitufe chake kikiwa kwenye 3. Sasa nacheza kwa vidole viwili, gumba likishika besi na kidole cha shahada kikijibu, mtindo ambao mji huu na mji jirani wa Likasi viliujua kupitia wapiga gitaa kama Jean-Bosco Mwenda, ambaye Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, alimrekodi mwaka 1952. Kila uzi unasikika peke yake. Kitufe cha ukubwa wa sauti kikiwa hadi 4, sauti ni safi. Kuanzia 5 ukikaza mkono inaanza kukwaruza, na kwa sebene, ile sehemu ya magitaa ya kuchezea dansi, mimi naipenda mahali hapo hasa. Nilipiga rekodi kabla ya kuondoa ile kondensa ya nyuma na baada ya kuiondoa, nikiwa nimeiwasha kwa transfoma hii mpya. Nimezisikiliza usiku kucha kwa vipokea sauti vya masikioni. Tofauti pekee ni kwamba mngurumo umepungua.

Upungufu upo. Spika ya Oxford ni laini mno kwa besi, na wati 22 hazitoshi kwaya ya watu 60 na ngoma kubwa. Itabidi iwekewe maikrofoni mbele. Gharama zote, bila jasho langu, zimefika dola 310. Papa, jibu langu ni ndiyo, ilifaa kutengenezwa, kwa sababu transfoma ya kutolea sauti, spika na kabati ni vizima, na hivyo ndivyo visivyopatikana hapa. Kama transfoma ya kutolea sauti nayo ingekuwa imeungua, ningekushauri ununue ile ya transista.

Limebaki jambo moja. Jumanne nilikwenda kanisani na multimita. Prizi ya jukwaani ina kile kijiti cha ardhi kinachotokeza katikati, nacho kinang'aa vizuri, lakini nilipopima kati yake na tundu lenye umeme sikupata kitu. Nyuma yake hakuna waya uliofungwa. Waya wangu wa nyuzi tatu pale hauna faida yoyote. Kwa hiyo ampli hii haiondoki mezani pangu leo. Jumamosi mimi na vijana wa kwaya tutachimbia fimbo ya shaba ya mita 2 upande wa bafu, ambako udongo una unyevu hata mwezi wa nane, wakati ule mwekundu wa uwanjani umekauka na haushiki umeme tena. Tutavuta waya hadi jukwaani na kuweka disjonkta diferansieli ya miliampia 30, swichi inayojikata yenyewe umeme ukivujia ardhini. Nikibonyeza kitufe chake cha kujaribia kikakata, nitapima prizi upya, na hapo ndipo nitakapomkabidhi papa ampli yake.