Mzio wa Chakula kwa Mbwa: Kipimo cha Damu au Mlo wa Majaribio?

Mbwa anapojikuna mwaka mzima hata baada ya kutibiwa viroboto, akilamba nyayo na kuugua masikio mara kwa mara, daktari wa mifugo hushuku mzio wa chakula, na mwenye mbwa huwa na njia mbili mbele yake.

Kipimo cha damu huvutia kwa wepesi wake, kwani sampuli huchukuliwa mara moja na majibu huja na orodha ya vyakula vya kuepuka. Hata hivyo, kingamwili zinazotafutwa (protini ambazo kinga ya mwili huzitengeneza) huonekana pia katika damu ya mbwa wenye afya njema, hivyo orodha hiyo inaweza kumnyima mnyama chakula kisichomdhuru.

Mlo wa majaribio hudai subira. Kwa wiki 8 hivi mbwa hulishwa protini ambayo hajawahi kuila, au iliyovunjwavunjwa kiwandani hadi kinga ya mwili isiitambue, bila kuonjeshwa kitu kingine chochote, hata dawa ya minyoo yenye ladha ya nyama (hapa ndipo familia nyingi huteleza, kwa huruma tu). Akipata nafuu, hurudishiwa chakula cha zamani; mwasho ukirejea ndani ya wiki 2, mzio umethibitika, na kisha nyama ya ng'ombe, maziwa au kuku hujaribiwa kimoja kimoja.

Kwa maoni yangu, mlo huu unastahili taabu yake yote. Kipimo cha damu kina nafasi kwa mbwa aliyekwisha kutambuliwa kuwa na mzio wa vumbi au chavua, ambaye daktari anataka kumwandalia sindano za kuizoesha kinga yake.