Kuzamia Gozo: uzoefu wangu na kituo kilichonikatalia meli

Niseme mapema: aliyezoea kuzamia Mnemba au Kisite asiende Gozo kutafuta samaki. Bahari ya Mediterania haina matumbawe yaliyotanda kama ya kwetu, wala makundi ya samaki wa kila rangi wanaokuzunguka hadi usimwone mwenzako. Gozo utakuta miamba, mapango na maji maangavu ajabu, na kwangu hayo yalitosha kabisa kulipia safari. Yalitosha kwa sababu niliangukia mikononi mwa watu wanaoijua kazi yao. Vituo vya uzamiaji kisiwani pale ni vingi, na tofauti kati yao huioni kwenye bei. Waongozaji nao hubadilika kila msimu, kwa hiyo badala ya kutaja jina la kituo nitaeleza walivyofanya kazi, ili na wewe ukifika ujue cha kudai.

Kwanza njia. Gozo ni kisiwa cha pili kwa ukubwa katika nchi ya Malta. Mimi ni mtu wa Tanga ila naishi Ujerumani, hivyo viza haikunisumbua. Anayetoka Dar, Mombasa au Nairobi ataomba ya Schengen. Ndege hutua kisiwa kikuu, unakwenda kwa gari au basi hadi Ċirkewwa, halafu unavuka kwa pantoni dakika kama 25 hadi bandari ya Mġarr. Nauli ya pantoni hulipwi unapokwenda, unalipa unaporudi. Ukikodi gari huhangaiki, maana Malta wanaendesha kushoto kama sisi.

Tulikwenda mwanzoni mwa Oktoba, mume wangu na mimi. Ni mwezi ninaoupendekeza kwa moyo wote. Joto kali la Agosti limekwisha, watalii wamepungua, na maji bado yana nyuzi 23 au 24. Kufikia Februari na Machi hushuka hadi 15 au 16, na hapo mtu wa pwani ajipime mwenyewe. Hata hizo 24 si maji ya Unguja, kwa hiyo suti ya mpira ya milimita 5 ni ya lazima, na kofia yake pia kama wewe ni mwepesi wa kusikia baridi.

Siku ya kwanza kituoni sikuguswa na maji kwa muda mrefu. Walitaka cheti changu, wakataka kuona kitabu cha kumbukumbu za mizamo, wakanipa fomu ya afya niijaze swali kwa swali. Ukijibu ndiyo kwenye maswali fulani, pumu kwa mfano, huingii baharini mpaka daktari akupime na kukuandikia. Mwongozaji, kijana wa papo hapo kisiwani, akaniuliza mara ya mwisho kuzamia ilikuwa lini na maji yalikuwa na joto gani. Kisha akasema tutaanzia Mġarr ix-Xini, hori jembamba upande wa kusini lililobanwa na majabali, ambalo maji yake hutulia hata siku ambayo kwingine kunachafuka.

Pale nilijifunza jambo ambalo vitabu hulitaja kwa mstari mmoja. Mediterania ina chumvi nyingi kuliko Bahari ya Hindi: kama gramu 38 kwa kilo ya maji, yetu ikiwa karibu 35. Jua hukausha maji mengi kuliko yale yanayoletwa na mvua na mito, na upungufu huo hufidiwa na Atlantiki kupitia mlango wa Gibraltar. Kwa mzamiaji maana yake ni kwamba unaelea zaidi, na suti nene inakuinua zaidi bado. Risasi za kiunoni, vile vipande vizito vya kumshusha mzamiaji, zilizonitosha Unguja hazikunizamisha hata kidogo. Mwongozaji aliniongezea moja moja, kila mara akinitaka nitoe pumzi nielee macho yakiwa usawa wa maji, mpaka uzito ukakaa sawa. Lilichukua muda, na hakuna aliyeonyesha haraka. Baadaye tukashuka juu ya majani marefu ya posidonia ya aina inayoota Mediterania peke yake, tukamkuta pweza amejifungia mlango kwa mawe, ametulia mle ndani anatutazama.

Jambo la pili ni upepo. Kila jioni waliniambia saa ya kukutana tu, mahali hawakusema. Asubuhi wakishausoma upepo ndipo gari lilipoelekezwa. Ukivuma majjistral, upepo wa kaskazini-magharibi unaotawala visiwa vile, pwani ya magharibi huachwa na watu huenda kusini. Ukigeuka ukatoka kusini, huenda kaskazini, Reqqa Point na majirani zake karibu na Marsalforn. Mtu aliyelelewa na kaskazi na kusi hahitaji kuelezwa sana hapo, lakini tofauti ipo. Kwetu nahodha anaangalia pia bamvua, maji kujaa na kupwa. Kule maji hayapandi wala hayashuki kwa kiasi cha kukusumbua, ngazi uliyoshukia ndiyo utakayoikuta ukirudi. Upepo na mawimbi ndiyo hesabu yote, kwa sababu mara nyingi huzamii kutoka mashuani. Unaingilia ufukweni, juu ya mwamba.

Na hilo wengi hawaambiwi. Dwejra, kwenye pwani ya magharibi, ambako ndiko kila mzamiaji hutaka kwenda, unavaa kila kitu kwenye maegesho ya magari, mtungi mgongoni, risasi kiunoni, halafu unashuka kwa miguu juu ya mawe makali mpaka majini. Ndani ya suti, juani, ni kazi nzito. Viatu vya mpira vyenye soli ngumu ni muhimu kuliko kamera. Mwenye magoti mabovu aulize mapema apelekwe maeneo ya kuzamia kwa boti, yapo.

Nilichokiona Dwejra, ningepanda na kushuka mawe yale tena kesho. Hapo ndipo liliposimama lile dirisha la mwamba lililokuwa likipigwa picha na kila mgeni, ambalo lilianguka kwenye dhoruba ya tarehe 8 Machi 2017. Juu hakuna tena kitu. Chini mawe yake makubwa yamelala, tayari mwani umeanza kuyavika. Kando yake liko shimo la buluu, kisima cha mwamba upana wa mita kama 10, kilichozungukwa na jabali kikatengwa na mawimbi ya nje. Unashuka ndani yake wima. Ukifika mita 8 hivi ukuta wa upande wa bahari unaachana, na mbele yako kuna tao kubwa lililo wazi kwenye bahari kuu. Ukiwa bado kivulini unatazama nje, na rangi ile ya buluu sijawahi kuiona mahali pengine: safi, yenye kina, na waliotangulia wanaonekana weusi na wadogo, mbali sana, kwa sababu siku njema unaona hadi mita 30. Niliwaza marehemu babu yangu, aliyevua maisha yake yote kwa mtumbwi na hakupata hata siku moja kuiona bahari kutokea chini. Nililia ndani ya miwani, na sioni haya kulisema.

Kwenye kuta za mapango mwongozaji alimulika tochi, na kile kilichoonekana kijivu kikawaka rangi ya chungwa na nyekundu: sponji na matumbawe madogo yaliyoshika mwamba. Chewa mmoja mkubwa alitokeza kichwa akarudi ndani. Mzia walipita kwa mbali. Samaki ni hao, na yavuyavu wachache wa zambarau wanaowasha, ambao mwongozaji alikuwa akiwaonyesha kwa kidole kabla hujawakaribia.

Siku nyingine tulipita ndani ya handaki linaloiunganisha bahari kuu na ziwa dogo la chumvi lililo hapo hapo Dwejra. Lina urefu wa mita kama 80, na juu yake mashua za watalii zinapita na injini zake, unasikia ngurumo ikikupitia utosini. Sheria aliyotupa ilikuwa moja: ndani ya handaki hakuna anayepanda juu, liwalo lolote. Aliirudia nchi kavu mpaka kila mmoja wetu akaitamka. Kundi letu lilikuwa la watu wanne na yeye, na ndivyo lilivyobaki juma zima hata pale wateja walipojaa mlangoni.

Sasa hiyo meli. Mbele ya Xatt l-Aħmar, pwani ya kusini ya Gozo, zimezamishwa meli kwa makusudi ili wazamiaji wazitembelee. Karwela na Cominoland zilishushwa mwaka 2006. Karwela ina ngazi ya ndani ambayo picha zake ndizo zilizonitia hamu ya Gozo tangu mwanzo. Lakini sehemu yake ya juu tu iko karibu mita 30, na cheti changu mwisho wake ni mita 18. Niliomba. Nilieleza mizamo yangu yote, nikasema nitashuka kidogo tu. Jibu lilikuwa hapana, kwa upole, pamoja na sababu: kina kile hewa huisha upesi, naitrojeni hulevya akili, na muda wa kukaa bila kulazimika kusimama njiani wakati wa kupanda ni mfupi mno kwa asiyefundishwa. Jioni ile ile, karibu na bandari, mtu wa biashara nyingine alinikubalia bila hata kuuliza cheti. Nilimshukuru nikaondoka. Huyo ndiye wa kumwogopa.

Kituo changu kilinipeleka Comino badala yake, kisiwa kidogo kilicho kati ya Gozo na Malta, kwenye P31, boti ya doria iliyozamishwa mwaka 2009. Imekaa kwenye mchanga mweupe, chini kabisa ni karibu mita 20 na sitaha iko juu zaidi, kwa hiyo tulibaki ndani ya kiwango changu. Ilijengwa Ujerumani Mashariki kama meli ya kufagia mabomu ya baharini, na mimi ninayeishi huko nilifurahi kuishika milango yake kwa mikono yangu. Kwa mzamo mmoja pamoja na vifaa vyote nililipa takriban euro 55, boti ikaongeza kidogo. Si rahisi, lakini sina malalamiko.

Mume wangu hazamii. Alikodi kayaki Ħondoq ir-Rummien, ghuba inayotazamana na Comino, akatumia miwani na mrija kuogelea pembezoni mwa miamba, na akaridhika. Blue Lagoon, ghuba maarufu ya Comino, alikwenda mara moja. Maji ni mazuri kweli, ila watu ni wengi, na tangu 2025 lazima ujiandikishe mtandaoni kabla. Pikipiki za majini sizipendekezi pale: alizoziona zilipita karibu mno na waogeleaji.

Kwa dada zangu wanaojistiri: suti inafunika mwili mzima na kofia yake inafunika nywele, hakuna aliyenishangaa. Vyumba vya kubadilishia Dwejra sikuviona, kanga mbili zilitosha nyuma ya gari. Chakula pia kina njia. Kuna pastizzi, vitafunwa vyao vya unga mwembamba vyenye jibini au njegere ndani, na mwezi ule fulusi walikuwa wengi, wabichi, wa kuchoma.

Ukipanga tiketi ya ndege, acha angalau saa 18 kati ya mzamo wa mwisho na kuruka kama umezamia siku mfululizo. Kituo walinikumbusha hilo tangu siku ya kujiandikisha, wakakataa kuniuzia mzamo wa asubuhi ya kuondoka. Nimeshaanza kuweka akiba ya kozi ya mita 30, na nitaifanyia kwao hao hao.