Mita Hazionekani Usiku? Nunua kwa Mpangilio Huu

Ukitoka Moshi jioni kuelekea Arusha, giza hukukuta njiani, na hapo ndipo gari la zamani linapoonyesha umri wake: mshale wa mwendo unaukisia tu. Barabara hii inapita katikati ya makazi mengi, na penye makazi mwisho ni kilomita 50 kwa saa. Asiyeiona mita anabahatisha, huku mbele yake watu wanavuka. Kwangu hili si suala la urembo wa gari.

Kabla ya kutoa hela, washa taa ndogo usiku uangalie giza limekaaje. Likiwa upande mmoja tu, balbu ya upande huo imekufa. Mita zote zikiwa zimefifia sawasawa, mtuhumiwa wa kwanza ni kile kigurudumu kidogo cha kuongeza na kupunguza mwanga, karibu na usukani. Kizungushe mwanzo hadi mwisho mara ishirini hivi. Mwanga ukicheza-cheza, kontakti za ndani zimechafuka, na umempata mchawi bila kununua kitu. Fundi umeme apime pia umeme unaofika kwenye soketi ya balbu, injini ikiunguruma na kigurudumu kikiwa mwisho wa juu. Ukiwa chini sana ya volti 12, balbu mpya haitasaidia. Tafuta ethi, yaani waya unaofungwa kwenye bodi ya gari, yenye kutu.

Tukija kwenye kununua, naweka namba moja balbu za kawaida, mpya, za ukubwa uleule. Watu wengi huziruka wakidhani balbu inayowaka ni nzima. Balbu ya waya huzeeka kabla ya kuungua: kioo chake huingia weusi kwa ndani, mwanga unapungua polepole mpaka unauzoea. Chomoa moja uende nayo dukani, maana balbu za saizi ya T10 na T5 zote ni za kioo kitupu bila kitako cha chuma, ila T5 ni nyembamba zaidi na haziingiliani. Badilisha zote kwa mpigo. Ukiweka moja mpya, zilizobaki zitaonekana kama zimezimika. Ukikuta zimevalishwa vikofia vya mpira vya kijani au bluu, jaribu kuwasha bila hivyo vikofia. Rangi itabadilika, lakini mwanga utaongezeka papo hapo. Na kwa kuwa mita zimeshafunguliwa, futa vumbi kwa kitambaa laini kwenye ule weupe wa ndani unaosambaza mwanga.

Namba mbili ni LED. Zinatumia umeme kidogo, hazichemki sana, na zinadumu. Kasoro ni kwamba nyingi za bei rahisi zinarusha mwanga mbele tu, hivyo unapata doa kali katikati na pembeni giza. Chagua zenye vitaa ubavuni pia. Rangi nayo ina maana kubwa. Mimi nilianza na za bluu, zikapendeza kwelikweli gari likiwa limesimama. Barabarani mshale mwekundu ukawa mweusi, na macho yakachoka kabla ya kufika Usa River. Siku hizi nashauri nyeupe tulivu, au rangi inayofanana na plastiki ya mita zako. LED isipowaka usiirudishe dukani haraka: ina chanya na hasi, igeuze kwanza. Jua pia kwamba katika gari nyingi za zamani kile kigurudumu hakitaweza kuipunguza vizuri. Na taa ya onyo la betri iache na balbu yake ya asili, kwa sababu kwenye baadhi ya magari umeme unaopita hapo ndio unaoamsha oltaneta ianze kuchaji.

Mita nzima ya mtumba ni namba tatu, kwa aliye na mita iliyopasuka au saketi iliyokatika nyuma. Hesabu ya kilomita itakuwa ya gari jingine, basi iandike ya kwako kwanza. Dai iwashwe dukani kwa betri kabla hujalipa.

Balbu za wati kubwa kuliko za asili siziweki popote. Joto lake hulainisha soketi na kuunguza ile karatasi ya plastiki yenye njia za umeme, na hapo ndipo utalazimika kununua mita ya mtumba.

Mita zinazokuwa nyeusi kabisa mpaka uwashe swichi, zile Toyota inaziita Optitron, ni habari nyingine. Zikififia, mpelekee fundi wa elektroniki.

Kazi ikianza, chomoa nyaya za betri kwanza. Baada ya kufunga balbu, rudisha nyaya hizo uziwashe zote kabla ya kurudisha skrubu hata moja, kisha usiku uendeshe sehemu isiyo na taa za barabarani. Kioo cha mbele kikirudisha mwangaza usoni mwako, umezidisha, punguza.